UZI: Historia ya Yamaha DT (100, 125, 175), ijue mashine yako kabla hujaagiza spea

Fundi Isevya
Wakuu salaam. Ukipiga simu Kariakoo ukasema "nitumie pistoni ya DT", muuzaji makini atakuuliza: DT ipi? Asipouliza, andika maumivu, maana kitakachoshuka kwenye basi pale stendi ya Tabora kinaweza kuwa cha mm 52, 56, 66 au 70, na vyote ni vya DT halali kabisa. Naweka hapa historia ya ukoo huu, hasa hizi ndogo ambazo bado utazikuta Sikonge, Urambo, Uvinza mpaka Kibondo. Nyingine zimeegeshwa chini ya mwembe kwa sababu ya sili moja tu.

Tuanze kwenye shina. Mwishoni mwa 1967, kwenye maonyesho ya Tokyo, Yamaha walitoa DT-1, ikaanza kuuzwa 1968. Silinda moja, mipigo miwili, cc 246 (kipenyo mm 70, mwendo wa pistoni mm 64), kabureta ya Mikuni ya mm 26. Kabla yake, nyingi zilizoitwa pikipiki za porini zilikuwa za lami zilizopandishwa eksozi na kuvishwa tairi la vidonge. Fremu ileile, uzito uleule. DT-1 ilichorwa upya tangu mwanzo, ikilenga zaidi soko la Marekani: mtu aende nayo kazini barabarani, siku ya mapumziko aingie nayo jangwani. Fremu nyembamba, shokapu za mbele za mtindo wa Ceriani wa Italia, eksozi ya juu, na bado ina taa, honi na mita ya kasi, kwa hiyo unaifunga namba na kuingia barabarani bila shida.

Ilipouzika ndipo wadogo wakazaliwa. 1969 ikaja AT1 ya 125 (mm 56 kwa 50, cc 123) na CT1 ya 175 (mm 66 kwa 50, cc 171). Angalia hapo: mwendo wa pistoni ni mmoja, mm 50, kipenyo ndicho kilichopanuliwa. 1970 ikaja HT1 ya 90 (mm 50 kwa 45.6), baadaye ikapanuliwa kuwa 100 kwa kipenyo cha mm 52, mwendo uleule wa 45.6. Mwaka huohuo wa 1970 ikatoka na kubwa ya 360, RT1, ambayo huku kwetu tuiache.

Jina DT kwa hizi ndogo lilianza rasmi modeli za 1974: DT100, DT125, DT175. Za soko la Marekani zinafuatana kwa herufi: A ni 1974, B 1975, C 1976, na kuendelea. Kwa hiyo mtu akikwambia ana "DT125 ya 1970", ama ana AT1, ama kadi yake ina walakini.

UramboKwetu
Mkuu uzi umetulia. Swali: kuna fundi anasema DT zote za zamani injini ni moja, tofauti ni silinda tu. Kuna ukweli?

Fundi Isevya
Hapana, na hapo ndipo wengi wanapoumia. Tofauti kubwa kuliko zote ni ya 1972.

Kwenye injini za mwanzo, pistoni yenyewe ndiyo mlango wa kuingiza. Ikipanda, sketi yake inafunua tundu la kabureta, ikishuka, inalifunika. Ukienda kasi hakuna shida. Ukienda polepole, pistoni inaposhuka sehemu ya mchanganyiko inarudishwa kwenye kabureta kabla tundu halijafunikwa, na nguvu ya chini inapotea. Ukitaka kuona kasoro hiyo, ipitishe kwenye mchanga wa Ipole kwa gia ya pili.

Mwaka 1972 Yamaha wakaweka kisanduku cha vibamba vya chuma chembamba kati ya kabureta na silinda. Mafundi tunaviita ridi, wao waliubatiza mfumo huo Torque Induction. Vibamba vinafunguka injini inapovuta na kujifunga kwa springi yake vyenyewe inaposukuma, kwa hiyo hakuna kinachorudi. Nguvu ikaanza kupatikana kwenye mzunguko mdogo, pale tunapoihitaji.

Sasa matokeo yake kwenye spea: pistoni ya injini yenye ridi ina madirisha kwenye sketi ya upande wa kabureta. Ya zamani sketi yake ni nzima. Ukiweka yenye madirisha kwenye injini isiyo na ridi, tundu la kuingiza halifungwi kamwe, petroli inatemwa nje kupitia kabureta na injini haikai moto. Ukiweka nzima kwenye injini ya ridi, itawaka lakini itakuwa mgonjwa. Zote mbili ni mm 56, zote zinaingia. Usipime kipenyo peke yake.

Namna ya kutambua bila kufungua injini: angalia kabureta inapokutana na silinda. Ukiona kisanduku kilichobanwa kwa boliti nne, hiyo ina ridi.

Bangwe Ziwani
Naongeza nyama kwenye historia. Shokapu ya nyuma moja, ile Yamaha wanaiita Monocross, si ubunifu wa kiwandani. Aliibuni Mbelgiji, Lucien Tilkens, Yamaha wakanunua wazo, na 1973 Msweden Håkan Andersson akachukua ubingwa wa dunia wa motokrosi 250 akiwa juu yake. Ikashuka kwenye DT za barabarani: 250 na 400 kwa modeli za 1977, kisha 125 na 175 za 1978. DT100 yenyewe ilibaki na shokapu mbili mpaka mwisho.

Kwa hiyo ukiona DT125 yenye shokapu mbili, ni ya 1974 hadi 1977 kwa hesabu ya Marekani. Yenye shokapu moja iliyolala chini ya tangi ni ya baadaye. Shokapu ile ukiifungua ovyo inaweza kukuumiza, ndani ina gesi yenye mgandamizo. Hiyo si ya kugongwa kwa nyundo.

Miaka ya 1980 Ulaya wakapata DT125LC ya kupoozwa kwa maji, modeli ya 1982, na baadaye yenye vali ya eksozi. Nchi kama zetu ziliendelea kupelekewa ile ya hewa, breki za ngoma, taa ya kawaida, kiki. Ndizo unazozikuta kwenye vituo vya afya, kilimo, misheni na mashirika. Nyingi za kizazi hicho namba ya chasisi inaanza na 3TT kwa 125 na 3TS kwa 175.

Hii si kwamba tulipewa masalia. Radieta kwenye njia ya Nguruka, ikitobolewa na kijiti cha mti wa mtundu, umeishia hapo.

KasuluLine
Hiyo ya namba ni muhimu, tuifafanue. Kwa Yamaha, herufi na tarakimu za mwanzo kwenye chasisi ndizo jina la modeli: AT1, CT1, 3TT n.k. Injini nayo ina yake, upande wa juu wa kreta (sanduku la chini la injini lenye krenki na gia). Kwenye DT za asili mwanzo wa namba hizo mbili unafanana. Usipofanana, injini ilibadilishwa, na hapo spea za injini unaagiza kwa namba ya injini, spea za fremu kwa namba ya chasisi. Kabla ya kulipa pesa, zote mbili zilingane na kadi, la sivyo umejinunulia kesi.

Namba za spea nazo zina mpangilio. Vipande viwili vya kwanza vinasoma hivi: kipande cha mwanzo ni modeli ambayo spea ilitengenezewa kwa mara ya kwanza, kipande cha kati ni aina ya spea. 11631 ni pistoni saizi ya kiwandani, 11635 ni oversaizi ya kwanza (pana zaidi kwa mm 0.25), 11636 ya pili (0.50), 11610 ni ringi. Kwa hiyo usishangae spea halali ya DT ina namba inayoanza na modeli usiyoijua; walikuwa wanatumia kitu kilekile kwenye pikipiki kadhaa. Na usikubali kuuziwa 11636 wakati silinda yako haijapelekwa lethi kupanuliwa.

UramboKwetu
Na AG100, hizi za mabwana shamba? Watu wanaita DT pia.

Bangwe Ziwani
AG100 ni binamu. Injini ni ukoo wa 100, mm 52 kwa 45.6, ila imevikwa mavazi ya shamba: keria kubwa, vikinga, cheni iliyofunikwa, gia za kuvuta. Ilikusudiwa mashamba ya mifugo ya Australia na New Zealand. Ile ya baadaye AG200 ni mipigo minne, mm 67 kwa 55.7, cc 196, haina undugu wowote na DT.

Washindani wa DT nao muwajue. Suzuki walikuwa na TS, 250 ya 1969 na 125 ya 1971. TS125 nayo ni mm 56 kwa 50, lakini pistoni hazibadilishani, urefu wa kutoka pini hadi kichwani na mahali pa madirisha ni tofauti. Honda wao walishikilia mipigo minne: XL250 ya 1972 yenye vali nne, XL125 ya 1974, halafu XL125S (mm 56.5 kwa 49.5) ambayo misheni nyingi zilikuwa nayo.

XL hainywi oili ya 2T (ya injini za mipigo miwili) na inakula petroli kidogo. Lakini kemshafti yake inazunguka moja kwa moja kwenye aluminiamu ya kichwa, haina beringi. Oili ikipungua, unatupa kichwa kizima. DT ikikosa oili unapeleka silinda lethi na kuweka oversaizi. Kwa sehemu ambayo oili ya uhakika inafika mara chache, mimi nachagua DT.

Fundi Isevya
Hapo tutabishana, maana XL ikitunzwa inaizika DT mbili. Ila tuendelee.

Mwana Kazuramimba
Wakuu, naomba upande wa oili. Wengine wanasema changanya kwenye tangi, wengine weka kwenye kitangi cha pembeni. Na kuna mtu amenishauri mawese eti yanalainisha kuliko 2T.

Fundi Isevya
Mawese weka kwenye ugali na dagaa. Kwenye injini yanaganda asubuhi ya baridi, yana asidi, na yakiungua yanaacha gundi inayonatisha ringi kwenye mfereji wake. Ringi ikinata, mgandamizo unapotea na moto unapita pembeni ya pistoni.

Kuna anayekuja kusema mafuta ya nyonyo yalitumiwa na wakimbiaji wa mashindano. Kweli yalitumika, lakini yalisafishwa kiwandani na injini zile zilifunguliwa baada ya kila mashindano. Tena nyonyo haielewani na oili ya madini. Ukivichanganya vinatengana tangini.

Uchanganyaji sasa. Autolube ni mfumo wa Yamaha wa tangu 1964: oili ina kitangi chake, pampu inaendeshwa na injini, na waya wa eksileta unavuta pampu ili oili iongezeke kadiri unavyofungua. Pampu ikiwa nzima, usichanganye kwenye tangi la petroli. Ikiwa imeondolewa, changanya hivi:

Oili ya kawaida ya 2T: mililita 40 kwa lita 1 ya petroli (25 kwa 1).
Oili nzuri ya 2T ya pikipiki: mililita 33 kwa lita 1 (30 kwa 1).
Injini iliyotoka lethi, tangi mbili za mwanzo: mililita 50 kwa lita 1 (20 kwa 1).

Tumia kopo lenye alama, achana na "kifuniko kimoja kwa chupa moja". Na kumbuka, oili ikizidi, petroli kwenye mchanganyiko inapungua, kwa hiyo injini inapata chakula chepesi na kuchemka. Watu wanadhani kuongeza oili ni usalama tu.

Oili ya gia ni nyingine kabisa, iko chini kwenye kreta: 10W-30, karibu mililita 650 kwa hizi ndogo. Hakikisha kwa kijiti au alama ya modeli yako.

KasuluLine
Kwa wenye Autolube, mambo mawili yanaua injini.

La kwanza hewa kwenye mpira wa oili. Kitangi kikikauka hata mara moja, kujaza tu hakutoshi. Fungua skrubu ya kutoa hewa kwenye pampu, acha oili itoke mpaka mapovu yaishe, funga. Tangi la kwanza baada ya hapo weka mchanganyiko wa 25 kwa 1 kama akiba.

La pili waya wa pampu kulegea. Injini inawaka vizuri, taa inawaka, huoni kitu, kumbe pampu iko kwenye kiwango cha chini wakati wewe umefungua nusu. Kwenye gurudumu la pampu kuna alama inayotakiwa kukutana na pini. Cheki kila ukigusa waya wa eksileta. Kiwango cha chini kabisa cha mpigo wa pampu ni mm 0.20 hadi 0.25, kinapimwa kwa fila (vibamba vya kupimia nafasi) na kurekebishwa kwa shimu (vibati vyembamba).

Kwa sisi wa milimani, kutoka Manyovu kushuka, hii ni zaidi. Ukifunga eksileta kabisa mteremko mrefu huku gia imeingia, injini inazunguka kasi bila petroli, na kama umechanganya tangini basi bila oili pia. Kila baada ya muda shika klachi, fungua eksileta kidogo, iachie. Pistoni nyingi zinajamu kwenye mteremko, si kwenye mlima.

Mwana Kazuramimba
Asante. Sasa dalili: inawaka baridi vizuri, ikipata moto inapandisha silensa (mzunguko wa injini bila kugusa eksileta) yenyewe, ukifunga eksileta haishuki haraka.

Fundi Isevya
Inavuta hewa ya wizi. Injini ya mipigo miwili inatumia kreta kama pampu, kwa hiyo sili za krenki lazima zibane kabisa. Ziko mbili na kila moja ina ugonjwa wake.

Sili ya kushoto, upande wa magneti: ikichoka inavuta hewa kavu. Silensa inapanda, injini inachemka, plagi inakuwa nyeupe, mwisho tundu kwenye pistoni. Hiyo ndiyo dalili yako, au ni mpira wa kabureta uliopasuka. Anza na huo, ni rahisi.

Sili ya kulia, upande wa klachi: ikichoka inanyonya oili ya gia. Moshi mweupe mzito hauishi hata injini ikipata moto, plagi inalowa, na oili ya gia inapungua bila kuvuja chini. Watu wanabadilisha ringi mara tatu, moshi uko palepale.

Namna ya kupima bila kukisia: ziba tundu la eksozi kwa kipande cha mpira na bamba, ziba upande wa kabureta vilevile, funga plagi. Kwenye moja ya bamba toboa weka kipira. Tumia kile kipimo cha presha cha zahanati, chenye pampu ya mkono na saa. Pandisha hadi 250 au 300. Kikitulia dakika kadhaa, sili ni nzima. Kikishuka zaidi ya 50 kwa dakika, paka maji ya sabuni kwenye gasketi, maungio ya kreta na sili ya magneti, utaona povu. Usipoona povu popote nje, inavuja kwenda upande wa gia. Usitumie kompresa ya pancha, utazisukuma sili zenyewe zitoke.

UramboKwetu
Hiyo ya kipimo cha presha nimeihifadhi. Na platini, zile za kukata umeme wa cheche? Fundi wengi wa siku hizi wamezoea CDI (cheche ya kielektroniki), hawazigusi.

KasuluLine
Platini si ngumu, ila zina kanuni yake. Kwenye DT ndogo za platini, sahani ya magneti imefungwa sehemu moja tu, haizungushwi. Wakati wa cheche unarekebishwa kwa nafasi ya platini yenyewe. Kwa 125 ya platini cheche inatakiwa pistoni ikiwa mm 1.8 kabla ya kufika juu. Utaratibu:

Safisha platini kwa karatasi ngumu iliyolowa petroli, usitumie msasa mkali. Zungusha magneti mpaka ziachane kabisa, weka nafasi mm 0.35 kwa fila. Toa plagi, ingiza kipimo cha saa kwenye tundu, tafuta juu kabisa, weka sifuri. Rudisha magneti kwa mwelekeo wa saa mpaka pistoni ishuke kama mm 3, kisha izungushe mbele (kinyume cha saa, ukiangalia kutoka kushoto) mpaka isome 1.8. Hapo ndipo platini zianze tu kuachana. Ukiwa huna mita ya umeme ya kuona zinapoachana, bana karatasi ya sigara katikati: inatakiwa iachiwe hapohapo.

Zikiachana mapema, punguza nafasi, zikichelewa, ongeza. Nafasi halali ni 0.30 hadi 0.40. Ukijikuta unahitaji nje ya hapo, kisigino cha platini kimelika, nunua mpya. Na platini zikiungua haraka zikawa nyeusi, kondensa imekufa, usilaumu platini.

Magneti itolewe kwa pula ya kuzungusha kwenye nyuzi zake. Ukiigonga, sumaku inapungua nguvu na ncha ya krenki inapinda.

Bangwe Ziwani
Plagi nayo: nyingi za 125 na 175 ni NGK B8ES, nafasi mm 0.6 hadi 0.7. Usiibadilishe na B8HS kwa kuwa nyuzi zinafanana. Zote ni mm 14, lakini ES ina urefu wa mm 19 na HS mm 12.7. Fupi kwenye kichwa kirefu, nyuzi zilizobaki zinajaa masizi. Ndefu kwenye kichwa kifupi, inagonga pistoni. Plagi ya bodaboda za muundo wa CG, D8EA, ni mm 12, hata haishiki.

UramboKwetu
Kuna haja ya kubadili jeti (kitundu cha kupimia petroli kwenye kabureta) mtu akitoka Kigoma mjini kwenda kuishi Tabora?

Bangwe Ziwani
Hapana. Ziwa liko karibu mita 770, Tabora mita 1,200. Hewa inapungua uzito kama asilimia 4 hivi, haifiki hata kituo kimoja cha jeti. Ila jeti ya kiwandani ilipimiwa karibu na bahari, kwa hiyo mikoa yote miwili kushusha jeti kubwa hatua moja ni sawa kama plagi inakuwa nyeusi na ulishacheki filta. Rangi ya kahawa ndiyo unayoitaka.

Na kabla ya jeti, filta! Mchanga wa Tabora ndio adui namba moja wa ringi. Filta ni sponji: ioshe kwa mafuta ya taa, kisha maji ya sabuni, kamua kwa kukandamiza bila kuisokota, ikauke kivulini, ilowe oili kidogo, kamua tena. Paka grisi kwenye ukingo inapokaa. Sponji ya godoro haifai, inayeyuka kwa petroli na vipande vinaishia kwenye ridi.

Ridi zenyewe zishike kwenye mwanga. Ncha ya kibamba ikiachana na kiti zaidi ya mm 0.3, au ukiona ufa kwenye kona, badilisha. Kibamba kikikatika kinapita ndani, kinachora silinda.

Fundi Isevya
Kwa wanaopeleka silinda lethi. Mpe mchongaji pistoni mkononi, asichonge kwa maneno. Ipimwe pistoni kwanza, halafu silinda ifuate kwa nafasi ya mm 0.035 hadi 0.045. Ringi ikiwekwa peke yake ndani ya silinda, mwanya wa ncha uwe mm 0.15 hadi 0.35.

Kitu ambacho wachongaji waliozoea bodaboda wanasahau: silinda ya mipigo miwili ina matundu ukutani. Baada ya kuchonga, kingo za matundu hayo zinabaki kali kama wembe. Lazima zilainishwe kwa msasa au jiwe dogo, pande zote. Usipofanya hivyo, ringi inakwama kwenye tundu la eksozi na kukatika siku ya kwanza.

Mshale juu ya pistoni uelekee eksozi. Ncha za ringi zikae kwenye vijipini vyake, usizizungushe. Klipu za pini ziwe mpya, mdomo wa klipu usikutane na mkato wa pistoni. Oversaizi ya mwisho ya kawaida ni 1.00, yaani 125 inafika mm 57 na cc 127.6. Zaidi ya hapo ni kuweka slivu (ukuta mpya wa ndani ya silinda).

Mkiwa mmefungua, kwangueni masizi kwenye tundu la eksozi kwa kipande cha mti mgumu. Na kwenye mwisho wa eksozi kuna bomba la ndani linaloshikwa na boliti moja. Litoeni lichomwe na kusafishwa. DT nyingi "zilizoishiwa nguvu" zimeziba hapo tu.

Mwana Kazuramimba
Taa zinaungua hovyo, kubwa ikiungua na ya nyuma inafuata.

KasuluLine
Kama ni ya volti 6 isiyo na regeleta ya taa, hiyo ni kawaida. Umeme unatoka moja kwa moja kwenye koili ya magneti, na balbu zenyewe ndizo zinazouzuia usipande. Moja ikiungua, mzigo unapungua, volti zinapanda, nyingine inakufa. Tumia balbu za wati zilezile zilizoandikwa, zote ziwe nzima, na waya wa ardhi uwe safi. Ukifunga LED bila regeleta, haitamaliza jioni.

UramboKwetu
La mwisho kwangu, tairi na cheni. Za bodaboda zinaingia?

Bangwe Ziwani
Cheni ni 428, sawa na bodaboda nyingi, unahesabu pingili na kukata. Sproketi haziingiliani, matundu ya boliti ni tofauti. Nyota ya mbele hasa usilazimishe. Tairi la nyuma 18 linapatikana, chagua 3.50 au 4.10 kulingana na nafasi ya mkono wa nyuma. Mbele ndiyo kazi: AT1 za mwanzo zilikuwa na 18 mbele, lakini DT125 za baadaye ni 21, na mjini wanauza 17 na 18 tu. Ukiagiza sema 2.75-21 au 80/100-21, na tyubu yake ya 21. Tyubu ya 18 ukiivuta ikaingia inakuwa nyembamba upande wa nje, na itapasuka kwenye kiungio ikipata joto.

Mwana Kazuramimba
Mpira wa kabureta kweli ulikuwa na ufa kwa chini, upande usioonekana mpaka uukunje. Naagiza mpya, nikitumia namba ya injini.

Fundi Isevya
Safi. Ukiufunga, kaza boliti kwa kupokezana, kidogo kidogo, na uso wa kisanduku uwe umenyooka, ukilalia kioo usione mwanga. Kisha pima plagi baada ya kilomita kama 10. Ikibaki nyeupe, rudi kwenye sili ya kushoto.